Simu Iliyopigwa Siku ya Mazoezi

Hortensia Chimbo alikuwa mwongo, na nasema hivyo huku nikimpenda. Tumeishi ukuta mmoja tangu tulipoolewa, yeye upande wa mlimani, mimi upande wa barabara, na hakuna mtu Pucaloma nzima aliyewahi kunichekesha na kuniudhi kama yeye. Akikuuzia mote, mahindi yake yale meupe ya kuchemsha, atakuapia kwamba yamelimwa na shangazi yake bondeni, na kumbe jana tu umemwona akiyanunua sokoni kama wewe. Ukimuuliza simbilisi wake wanalishwa nini hata wakanona vile, atakwambia huwaimbia. Mfupi, mwenye mikono minene, na akicheka lazima aufunike mdomo kwa ncha ya shali kwa sababu ya jino la mbele lililong'oka. Mumewe alimfia mapema. Akabaki na mtoto mmoja, Klever, naye akavuka kwenda New York kama vijana wote wa hapa, bila karatasi, kwa njia ambazo mama zao hawataki kusimuliwa.

Uongo wake mkubwa ulikuwa huu: kwamba Klever humpigia simu kila Jumapili.

Na kila Jumapili baada ya misa, tukishakaa uwanjani na masufuria yetu ya kuuzia, ilikuwa lazima tusikie. Klever kanunua koti la baridi. Klever sasa ndiye anayewasimamia wapaka rangi wenzake. Klever Jumamosi hagusi kazi hata umbembeleze vipi, huenda bustanini na vijana wa kwetu kucheza mpira wa wavu, na timu yake haijui kufungwa. Wenzake pale wana watoto walionyamaza kimya, wanalia hadharani, Padri anawaombea kwa majina. Hortensia hakutaka kuombewa na mtu. "Wangu hali chakula kikashuka kama hajaisikia sauti yangu," alisema, huku akikupimia mote na kukupunja kidogo.

Mimi nilijua. Nilijua tangu siku moja umeme wake ulipokatika akaniletea simu yake niichaji kwangu. Simu iko pale juu ya friji, mimi namenya viazi, mara namsikia ng'ambo ya ukuta: "Haya, mwanangu. Haya. Umevaa koti? Usinidanganye, nakusikia unakohoa." Akacheka. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kisha, "Na wewe pia, baba." Nikaitazama ile simu juu ya friji, imelala kifudifudi, waya mkiani. Viazi vilinishinda siku ile.

Sikumwambia mtu. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini nilimkasirikia, kwa nini nisikasirike? Kila nilipomsogelea ili alie kwangu kama watu wanavyolia, aliniletea koti jipya la Klever.

Wengine walikuwa wakishuku, na mkubwa wao ni Blanca Inés, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu. Huyo ni mwanamke mrefu anayeamrisha hata anapokutakia heri. Mwaka ule alikuwa hagusiki, maana mwanawe Wilmer, aliyeko New York pia, ndiye aliyechaguliwa kuwa prioste, yaani mwenye kuibeba sikukuu ya Bikira wa Rozari: bendi yake, fataki zake, chakula cha mji mzima ni chake. Prioste hupiga magoti mbele ya Bikira na kutamka kwamba amepokea. Sasa Wilmer apige magoti vipi, naye akitoka kule harudi tena? Ndipo kamati ikaamua apokee kwa mtandao. Shuka jeupe litatundikwa kando ya altare, Wilmer ataonekana pale mkubwa kama ukuta, na watu wetu wote waliovuka, walioko New York na New Jersey, watatazama misa yote papo hapo Jumapili asubuhi. Jambo hilo lilikuwa halijafanyika. Na kwa kuwa halijafanyika, Blanca Inés akataka tufanye mazoezi Jumamosi, kila kitu tangu wimbo wa kuingilia mpaka baraka, kama vile ndiyo siku yenyewe.

Mambo ya kompyuta alipewa Narcisa, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Cuenca mwaka huo huo. Binti mwema, mpole, ila mgeni. Hakuwa anajua nani ameudhiana na nani.

Tukaja kanisani Jumamosi, kwaya nzima, na shali zetu nyeusi kwa ajili ya baridi. Bikira mwenyewe, ile sanamu yetu, alikuwa sakristia anavalishwa nguo mpya, kwa hiyo kile kitanda cha mbao anachobebewa kilikuwa kimebaki kitupu mbele ya altare, kimefunikwa kitambaa cheupe, maua ya yungiyungi yamepangwa pembeni. Narcisa akawasha mishumaa minne kwenye pembe zake, apate kujua kama miali itaisumbua kamera. Tukaimba wimbo wa kuingilia. Tukarudia, kwa sababu Blanca Inés alisema sauti ya pili inaimba kama imefiwa. Akaja mzee Lizardo, mpiga kengele, ambaye ndiye angemkaribisha prioste, akainama mpaka kiunoni.

"Mzee, usiiname hivyo," Narcisa akamwambia kutoka kwenye meza yake. "Kichwa kinatoka kwenye picha."

"Sasa Bikira nimsalimie kwa kitu gani?"

"Kwa macho, mzee."

"Miaka yote hii nimemsalimia kwa mgongo, leo anitambue kwa macho," mzee Lizardo akanung'unika, lakini akatii, akasimama wima amekodoa macho utadhani kakabwa na mfupa. Tulicheka sana. Hortensia alikuwa ndiye anayecheka kuliko wote, shali mdomoni, akipanga yungiyungi moja lililokuwa linaanguka kila mara.

Hapo Narcisa akasema, "Sasa nataka mtu aliyeko kule kule New York. Nimpigie, aonekane kwenye shuka, nijue sauti inachelewa kiasi gani."

"Wilmer yuko juu ya paa la watu mpaka jioni," Blanca Inés akajibu. Kisha akageuka taratibu. "Lakini si tunaye Klever. Klever Jumamosi hafanyi kazi."

Kanisa zima tukamtazama Hortensia. Yeye alikuwa bado anahangaika na ua lake.

"Leo ana mechi," akasema.

"Dakika mbili tu, shoga. Mechi haitakimbia. Au yeye simu mpaka iwe Jumapili?"

Watu wakacheka chini chini. Maneno hayo Blanca Inés alikuwa ameyaweka akiba siku nyingi, niliona jinsi alivyoyatoa. Nikasema, "Kwani lazima Klever? Mpwa wangu yuko Newark, mpigieni huyo."

"Targelia wee, mpwa wako alirudishwa mwaka juzi. Yuko Machala, pwani ya kwetu, anapakia ndizi," Blanca Inés akanijibu.

Wakacheka tena, na haki yao, maana ni kweli. Mimi nilikuwa nimeropoka chochote ili kumwokoa mtu.

Nikamtazama Hortensia, nikaona anapiga hesabu. Na hesabu yenyewe niliijua, maana ukuta ule ulinisikilizisha mengi. Kuna siku, katikati ya wiki, alikuwa anampigia kweli. Inalia, inalia, mpaka inakata, na yeye haongei neno. Klever hapokei. Kwa hiyo leo wakimpigia italia mpaka ikate, naye atasema, si niliwaambia ana mechi? Blanca Inés atanyamaza, na uongo utatoka mzima, umezidi kunenepa. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hortensia ilikuwa imefika mbali, na pale naye aliona bado ina nafasi.

"Haya, mpigieni," akasema, akitabasamu bila kufunika pengo. Akaliacha ua, akaenda nyuma ya kamera, akamsomea Narcisa namba kwa kichwa, polepole, kila tarakimu. "Lakini asipopokea msinilaumu. Akiwa uwanjani hata mama yake hamtambui."

Nikashusha pumzi. Narcisa akaipiga, kwa simu ya parokia iliyokuwa imeungwa na kompyuta. Mlio ukatoka kwenye spika, ukajaza kanisa. Ulilia mara moja. Kabla haujalia tena, Klever akapokea.

Akatokea kwenye shuka, mkubwa, uso mtupu kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Sikumtambua mara moja. Alikuwa na mvi kwenye ndevu, na rangi nyeupe imemkaukia kwenye kope. Nyuma yake si uwanja wa mpira, ni kitanda, na sufuria sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa amevaa kofia. Alipotuona, akaivua.

"Naona kanisa," akasema. Hakusalimia. "Naona mishumaa. Ni mama, siyo?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameelewa. Nami nikaelewa kabla ya wenzangu. Simu ya parokia huwapigia watu wa kule kwa kazi moja tu. Waliovuka hawawezi kurudi kuzika, kwa hiyo sisi tunaishika simu juu ya jeneza, mtoto aliyeko mbali amwone mzazi wake kwa mara ya mwisho. Ndivyo tunavyofanya hapa. Mimi mwenyewe nimeishika juu ya dada yangu mpaka mkono ukafa ganzi, wanawe wakilia ndani yake. Kule namba hiyo wanaijua wote, ina picha ya mnara wa kanisa letu, na ukiiona kwenye simu yako nawe uko kazini juu ya ngazi, unashuka kwanza ndipo unapokea. Narcisa mgeni, hakujua. Lakini sisi? Sisi tulioshika simu ile kwa mikono yetu, hakuna hata mmoja aliyefikiri. Tumesimama pale na shali nyeusi, mbele yetu kitanda chenye kitambaa cheupe, maua, mishumaa minne kwenye pembe.

"Msininyamazie," Klever akasema. "Bi Blanca, nakuona pale. Niambie. Ni leo au jana?"

Blanca Inés alikuwa ameshika karatasi yake ya ratiba.

"Aliugua? Mimi sikuwa na habari. Ningekuwaje na habari, miaka minne sijampigia." Alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Yeye hunipigia. Naiona, naiacha ilie. Sikuwa na la kumwambia, Bi Blanca. Nilisema siku nikipata la kumwambia nitapiga. Kila nikikaa nasema wiki ijayo." Akajipangusa uso kwa kofia, rangi ikachubuka kidogo. "Msimfunue. Tafadhali. Mkimfunua uso mimi sitaweza. Nionyesheni mikono tu."

Nimeona aibu nyingi maishani. Nimeona bwana harusi aliyekimbiwa mlangoni mwa kanisa lile lile. Lakini ile ya Jumamosi ilitushika wote pamoja, kama moshi, hukujua utoke wapi. Tulikuwa tumemvua nguo mtu na mama yake mbele ya altare, na tulikuwa tumekuja kuimba. Mzee Lizardo alitazama viatu vyake. Narcisa alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe na hathubutu kukibonyeza, maana utamkataje mtu anayeomba aone mikono ya mama yake?

Hortensia alikuwa nyuma ya kamera, karibu na nguzo, ambapo mwanawe hawezi kumwona. Ule mwanzo hata hakuwa na aibu. Alikuwa anamla kwa macho. Mvi, kope, sufuria, vyote alikuwa anavikusanya. Halafu maneno yakamfikia. Niliona yanavyomfikia, moja moja, na tuliokuwa karibu naye tukajikuta tunasogea pembeni, kana kwamba ana maji ya moto mikononi. Alijifunika mdomo kwa shali, na hakuwa anacheka. Kila mmoja wetu sasa alijua. Makoti yote, mechi zote, Jumapili zote. Angeweza kutoka kwa mlango wa sakristia, na mimi ningemfuata, na tungekaa jikoni kwangu mpaka tuzeeke.

Lakini Klever akaanza kulia. Na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama yake akatoka nyuma ya nguzo, akapita mbele yetu sote kichwa chini, akaenda kusimama kando ya kile kitanda cheupe. Hakujua atazame wapi. Kamera iko huku, yeye akaligeukia shuka, akamtazama mwanawe pale alipo mkubwa, kwa hiyo Klever bila shaka aliona upande mmoja tu wa uso, na sikio.

"Klever," akasema. "Sijafa, baba. Tunafanya mazoezi tu."

Nitasema nilichokiona, kwa sababu shuka lilikuwa kubwa na hatukuwa na pa kuyapeleka macho. Machozi yalisimama. Uso ukalegea, halafu ukashuka. Haikuwa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu, hajanyoosha mgongo vizuri, akaambiwa ni makosa, aubebe tena. Ulikaa pale wazi, mtu yeyote aliweza kuusoma. Kisha akakumbuka kwamba anaonekana, na mdomo ukatafuta tabasamu mpaka ukalipata.

"Mama," akasema. "Ashukuriwe Mungu, mama. Umenitisha."

"Nimekutisha. Nisamehe, mwanangu."

"Hapana, usi... Nani wako hapo? Wote wamesikia?"

"Wako wachache tu. Umekula?"

"Nimekula." Akatazama pembeni, ambako hatukuona kitu. "Mama, kuna mtu ananiita. Nitakupigia."

"Haya, baba. Nenda. Usimkawize."

Akakata. Kwenye shuka ikarudi picha ya mnara wetu, na anga la bluu nyuma yake.

Mshumaa mmoja ulikuwa unachuruzika kwenye kitambaa kipya, na hakuna aliyeenda kuuzima. Narcisa, maskini, akaona lazima mtu aseme kitu, akasema, "Sauti ni nzuri sana. Haichelewi hata kidogo." Akasikia mwenyewe alichosema, akainama juu ya kompyuta.

Hortensia alikuwa bado amelielekea shuka, ametupa mgongo. Nilidhani analia. Nikawa natafuta neno la kwenda nalo, na kila neno nililolishika lilikuwa la matanga.

"Picha ilikwama," akasema.

Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ile ile ya sokoni, ya kukwambia mahindi ni ya shangazi, ila imekauka.

"Pale nilipomwambia sijafa. Ilikwama. Ndiyo maana uso wake ukakaa vile." Akasubiri. "Mwalimu, si hizi picha huwa zinakwama?"

Narcisa akaitazama mashine yake. Yeye ndiye aliyejua kuliko sote, namba zote zilikuwa mbele ya macho yake.

"Huwa zinakwama, mama," akasema. "Ilikwama."

Nikasikia karatasi inakunjwa. "Hata mimi niliona," akasema Blanca Inés, na amri yote ilikuwa imemtoka kooni. "Ilikwama kabisa, Hortensia. Ilikwama muda mrefu."

"Ni mlima huu," mzee Lizardo akasema, bado anatazama viatu. "Mtandao wa huku ni takataka. Lazima ikwame."

Na kwaya nayo, mmoja baada ya mwingine, sauti ya kwanza na ya pili, wanawake waliomcheka nusu saa kabla: ilikwama, ilikwama, tuliona sote. Walisema kwa sauti ya chini, kama watu wanaoitikia sala.

Ndipo akageuka. Alizipitia nyuso zote kwa macho, akaja kutua kwangu. Hakuniuliza kitu. Alisubiri tu, mikono imeshikana tumboni, na macho yake yalikuwa makavu.

"Ilikwama, jirani," nikasema, na sikuweza kumtazama.